Kopo la Osmel la Kabatini

Osmel Bandera, jirani yangu wa ukuta mmoja hapa Santiago, ni mwanamume wa ovyo kabisa. Alirithi gari la Kimarekani lililomzidi umri, basi akajiona fundi. Kwenye breki hutia shampuu iliyochanganywa na spiriti badala ya mafuta yake. Wengi hapa Kuba tumewahi kufanya hivyo kwa shida, kwa kukosa jinsi. Osmel jinsi anayo. Kaka yake wa Miami alimletea kopo la mafuta halisi ya breki, naye akaliweka kwenye kabati la vioo, kati ya sanamu ya Bikira na vikombe vya harusi, ili wageni walione.

Kila Jumapili hulala chini ya gari kutoa upepo kwenye breki. Mkewe, Idalmis, hukaa kwenye usukani kumkanyagia pedali.

"Kanyaga. Shikilia. Shikilia nimesema! Mguu gani huu mlegevu hivi?"

"Nimeshikilia, Osmel."

"Ungeshikilia, haya mapovu yangetoka wapi?"

Ametia shampuu, halafu anashangaa povu. Mimi huwa dirishani kwangu, na huwa namcheka waziwazi.

Jumapili iliyopita binti yao Yanisey alitimiza miaka kumi na tano, umri ambao huku kwetu msichana hufanyiwa sherehe kubwa kama ya harusi. Osmel alitaka kumshusha mteremko wetu kwa gari, kwa riboni na honi, hadi ukumbini. Asubuhi Idalmis alikanyaga pedali, ikazama hadi sakafuni. Akashuka garini.

"Tia yale mafuta ya kabatini, ndipo mwanangu apande."

"Nifungue kopo la kaka kwa mwendo wa dakika mbili?"

"Basi hapandi."

"Mtatembea na gauni lile? Watu watatucheka."

"Wacha wacheke."

Wakashuka kwa miguu, mama ameshika mkia wa gauni, binti ameshika viatu, mtaa mzima nyuma yao. Keki niliibeba mimi. Tulipofika katikati ya mteremko tukasikia honi. Gari likatupita na riboni zake, Osmel akikanyaga na kukanyaga, likajibamiza kwenye ukuta wa duka la mikate.

Akatoka mwenyewe, mdomo umechanika kidogo tu. Upande wa pili, kiti alichokuwa amemtandikia Yanisey kitambaa cheupe kilikuwa kimebanwa na bati hadi hakionekani.

"Ni huo mguu wako, Idalmis," akasema. "Ungeshikilia vizuri asubuhi..."

"Yanisey angekaa pale," Idalmis akamjibu.

Osmel akakitazama kiti. Nilidhani sasa atalia, na kama angelia labda ningemhurumia. Akanigeukia mimi.

"Jirani, nyumba sikuifunga! Nimeacha kopo langu kabatini."

Idalmis akamshika binti yake mkono, wakaendelea kushuka, nami nikawafuata na keki.