Alilisha Panya Yeye, Nikafukuzwa Mimi

Admin, jina langu lisionekane, Karatu tunajuana. Mimi ni mjane wa miaka sitini na sita, nalima ngano na maharage. Haya yalinipata mwanzoni mwa miaka ya themanini, na hadi leo nikiyataja hasira hunipanda.

Nilipomaliza kidato cha nne niliajiriwa kwenye maabara ndogo. Daktari mmoja alikuwa anatengeneza kipimo cha kugundua kisukari mapema kwa tone la damu, na kabla ya kukipeleka kwa watu alikijaribu kwa panya weupe. Tulitoboa ncha ya mkia, tukakinga damu, tukapima sukari na kuandika. Sharti lilikuwa moja: panya asile chochote tangu alfajiri. Tulifanya kazi wawili, mimi na mkubwa wangu, nitamwita Bura.

Ghafla panya wazima wakaanza kuonyesha sukari ya juu kama wagonjwa. Kazi ya miezi ikavurugika, daktari akawa hashikiki. Asubuhi moja, zamu ikiwa ya Bura, nikakuta chenga za mahindi vizimbani. Kumbe alikuwa haondoi chakula! Nikamwambia, "Kaka, tumweleze daktari tuanze upya." Akajibu, "Tulia, nitamweleza mwenyewe."

Akamweleza kweli, nimesimama palepale: "Ni huyu binti. Anawaonea huruma, anawalisha kwa siri."

Nilifukuzwa siku hiyohiyo bila kuulizwa neno. Bura hakutosheka. Akaeneza kwamba nilikuwa nabeba damu ya panya nyumbani kwa ajili ya uchawi. Wazazi wa mchumba wangu wakaja kuchukua ng'ombe wao wa mahari. Nilikaa miaka tisa ndipo nikaolewa.

Mwezi uliopita wazee wa kanisa walimleta Bura kwangu. Kisukari kimemla, mguu umekatwa. Akasema, "Mama, yale ya ujana tuyasahau, nife kwa amani."

Nikamuuliza mbele yao, "Yapi? Yataje."

Akainamisha kichwa. "Yote tu, mama."

Nikawaonyesha njia, chai yao wakaiacha mezani. Sasa mwanangu ananinunia, dada yangu hapokei simu, mchungaji kasema sitashiriki meza ya Bwana mpaka nimpe Bura mkono.

Mimi nataka maneno matatu tu kutoka kinywani mwake, watu wakisikia: "Niliwalisha panya mimi." Asipoyatamka, azikwe bila mimi.

Ndugu zangu mnaosoma, mimi ndiye mwenye roho mbaya? Nimpe mkono, au niendelee kumngoja aseme? Niambieni, lakini msinitukane, nimeshatukanwa vya kutosha.