Unga wa Mchele Mbele ya Mlango

Nilipokuwa na miaka tisa tulikaa Al Muraqqabat, mtaa mmoja wa Uarabuni, ghorofa ya tatu. Mlango ulioelekeana na wetu ulikuwa wa mke na mume Watamil kutoka India Kusini. Mume alifanya kazi kwenye maghala ya Jebel Ali na aliondoka mapema sana. Mke nilimwita anti. Yeye na Mama walielewana kwa Kihindi cha dukani, Kiarabu kidogo, na mikono.

Kila mwaka baridi ilipoingia, wakati sisi watoto tulipokwenda shule na sweta tukijiona tuko Ulaya, anti aliamka alfajiri, akaosha sakafu mbele ya mlango wake, akachuchumaa na kuchora ua kwa unga wa mchele. Alianza na nukta, safu kwa safu. Kisha mstari mmoja ulizizunguka zote bila kukatika, mpaka ukarudi ulipoanzia. Mama akiamka kuswali, mimi nilifungua mlango kidogo nikachungulia.

Mwaka ninaousimulia alikuwa na mimba ya miezi saba, na daktari alimkataza kuinama. Siku ya kwanza ya mwezi wao wa kuchora maua hayo nilimkuta amesimama mlangoni na bakuli la unga, anaitazama sakafu tupu.

"Anti, nikuchoree?"

Hakucheka. Alivuta kigoda, akakaa, akanipa bakuli. Akawa ananielekeza kwa mwiko: hapa, hapana, pale. Nilihesabu nukta kwa Kitamil kwa kumfuatisha, onnu, rendu, muunu. Ua langu la kwanza lilitoka kama samaki aliyekanyagwa.

"Zuri," anti akasema. "Kesho litakuwa ua."

Baba hakupendezwa. "Hayo si mambo ya dini yao?"

"Anamsaidia mjamzito asiiname," Mama akajibu. "Na unga wenyewe anti anasema ni chakula cha sisimizi."

"Sisimizi gani ghorofa ya tatu?"

Lakini hakunikataza. Nikachora mwezi mzima kabla ya basi la shule. Mlinzi wa jengo, mzee wa kabila la Kipathani mwenye ndevu za hina, alizoea kufuta kila kitu na dekio lake huku akinung'unika. Wiki ya pili nikaona ameanza kudeki pembenipembeni, ua akaliacha.

Mwezi ukaisha, ikaja Pongal, sikukuu yao ya kulishukuru jua na mavuno. Mimi na Mama tulialikwa asubuhi na mapema. Mabua ya miwa yalikuwa yameegemezwa kwenye friji, na chungu kilichofungwa majani ya mmea wa bizari ya manjano shingoni kilikuwa jikoni, maziwa yanapanda. Mama akaruka kuzima moto.

"Acha!" Anti akamshika mkono. "Lazima yafurike. Yakifurika, mwaka ni wa neema."

Mama akanitazama. Kwetu maziwa yakifurika nilikuwa nachapwa.

Yakafurika. Anti akapiga kelele, "Pongalo Pongal!" nami nikapiga zaidi yake. Maziwa yakaungua kwenye jiko, moshi ukajaa, na kengele ya moto ya jengo zima ikaanza kulia.

Tuliteremka kwa ngazi, watu wa ghorofa zote, wengine na nguo za kulalia. Anti alikataa kukiacha chungu, kwa hiyo Mama alikibeba kwa leso yake ghorofa tatu nzima, akiomba Mungu kila ngazi. Uwanjani kwenye magari mlinzi alikuwa anafoka.

"Nani anataka kuchoma jengo langu?"

Anti alikuwa peku, mkono mmoja kiunoni, machozi yanamtoka. "Mchele bado sijatia," akasema. "Na jua linapanda."

Mlinzi alimwangalia, akaingia chumbani kwake. Alitoka na kiti chake cha plastiki, akamkalisha. Kisha akaenda tena na kuleta jiko lake dogo la gesi.

"Yalla, pika," akasema. "Lakini hapa, si juu."

Basi alipika pale juani, katikati ya magari: mchele, choroko, sukari guru, samli, iliki. Watu waliokuwa wamenuna walianza kusogea wakifuata harufu. Tulikula kwa vikombe vya karatasi. Baba alikula viwili. Mlinzi alikula vitatu na kusema sukari haijatosha.

Wiki tatu baadaye anti alijifungua mtoto wa kike. Mama yake anti alikuwa mbali, viza haikutoka, kwa hiyo Mama ndiye aliyevuka ushoroba kila siku kwenda kumkanda na kumpelekea uji wa pilipili manga, kama wanavyopewa wazazi kwetu Mombasa. Siku moja alirudi na bakuli la mchuzi mwembamba, mweusi, alilopewa na anti.

"Onja," akaniambia.

Ulinichoma mpaka puani.

"Pilipili manga ileile!" Mama akasema, amefurahi kama aliyekutana na ndugu. "Kumbe na wao wanampa mzazi. Wameitia ukwaju tu."

Akakaa mezani, akaumaliza wote.