Siku Mashine Ilipohesabu Vioo Ikiwa Imezimwa

Hapa Geita (haya, si Geita nzima, ni upande wetu wa karakana na maduka ya jirani) kuna watu hawajui kwamba naitwa Minza wala kwamba mwanangu ni Shija, wao wananijua kwa jina la Mama Mia Mbili, na wakiniita hivyo sokoni wananitazama usoni waone kama bado naona aibu. Bado naiona, tena ya kujaza gunia. Kwa hiyo naomba nijiaibishe mwenyewe leo, kabla hamjasimuliwa na wenye kutia chumvi.

Karakana yetu inatengeneza vioo vya madirisha na milango. Bosi wetu, Mzee Luhende, alikuwa mchimbaji, duara lake, yaani shimo lake la kuchimbia, likatema dhahabu mara moja tu maishani, na badala ya kuoa mke wa pili kama alivyowaona wenzake wakifanya, akanunua mashine ya kusaga kingo za vioo, mtumba lakini nzima. Kioo kinaingia upande huu kikiwa na kingo za kukata vidole, kinasagwa, kinaoshwa, kinatokea upande ule kimelainika. Pale kinapotokea kuna mkono wa chuma wenye kijicho cha umeme, kila kioo kikipita mbele yake kinakinga mwanga, na ubao mkubwa ukutani unaongeza moja, kwa namba nyekundu ambazo hata aliye barabarani anazisoma. Kazi yangu ilikuwa kufuatilia mwenendo wa mashine hiyo: imetoa vioo vingapi kwa saa, imesimama mara ngapi, mwendo wake ukoje. Naandika kwenye daftari, jioni namtumia bosi kwenye simu. Nilikuwa kwenye majaribio ya miezi mitatu, na nilikuwa nimemaliza miwili bila doa.

Sasa sikilizeni kilichokuwa kinatutoa jasho. Kulikuwa na mama mmoja mkandarasi, Injinia Kalunde, anajenga bweni la wasichana kule Masumbwe, la ghorofa moja, madirisha hayahesabiki. Alitaka vioo vyote viwe tayari kabla shule hazijafunguliwa, na alisema wazi kwamba karakana isiyoweza kutoa themanini kwa siku haimfai, ataagiza Mwanza. Sisi tulikuwa tunatoa sitini, siku nzuri sitini na mbili. Bosi naye alishatuambia kwamba tukiikosa kazi ile, watu watatu kati yetu sita watarudi nyumbani, na hakuna aliyehitaji kuuliza wa kwanza ni nani (mtu aliye kwenye majaribio hajifichi).

Jumanne ya wiki ile nikafanya mambo mawili. La kwanza la kujivunia: nilimwomba bosi ruhusa nikaongeza mwendo wa mashine kidogo, alama moja tu. La pili hata sikuliona kuwa ni jambo. Mama mkwe wangu alikuwa amenitumia matobolwa kutoka kijijini, vile viazi vitamu vilivyochemshwa vikakatwa vikakaushwa, nami nikabeba mfuko wa kitambaa umejaa nije nitafune kazini. Sasa kwenye vioo huweki chakula mezani, wala sakafuni, kuna chembe za kioo ambazo macho hayazioni lakini utumbo utaziona, kwa hiyo nikatafuta mahali pa juu, na mahali pa juu palipokuwa na ndoano ni pale tu, kwenye ule mkono wa chuma wa kijicho. Nikatundika mfuko wangu, nikafunga kamba vizuri, nikaenda zangu.

Jioni ubao ulisoma mia moja na kumi na nane.

Jamani, nilitazama ile namba nikahisi nimerefuka. Wala sikujiuliza mara mbili, nilijua ni ile alama moja ya mwendo, ni akili yangu mimi Minza niliyeishia kidato cha nne. Jumatano ikawa mia na arobaini. Alhamisi mia moja na themanini! Tena nikagundua kwamba mashine inachangamka zaidi baada ya chai ya saa nne, na baada ya chakula cha mchana inachangamka zaidi na zaidi, nikamwandikia bosi (huu ujumbe anao mpaka leo, hataki kuufuta): "Bosi, ufanisi unapanda kadiri siku inavyokwenda, mashine imeanza kunizoea."

Mtu mmoja tu ndiye hakufurahi. Baba Kulwa, mzee wetu wa stoo, Msumbwa mtulivu asiyepandisha sauti, alinifuata Alhamisi jioni akiwa na funguo zake mkononi.

"Mama Shija, hivyo vioo mia na themanini vimelala wapi? Mbona stoo yangu ina nafasi ya kucheza mpira?"

"Baba Kulwa, wewe shughulika na funguo, namba niachie mimi."

"Haya mama. Jumamosi nahesabu stoo, tutaonana."

Ningemsikiliza! Lakini sifa zilikuwa zimenipanda kichwani, na Jumamosi haikutusubiri, maana bosi alishampigia simu Injinia Kalunde aje Ijumaa ashuhudie mwenyewe, na kwa furaha yake akamwalika pia mwenyekiti wa mtaa, majirani, na wachimbaji wenzake wa zamani, akakodi viti, akaagiza pilau. Mimi nikavaa kitenge kipya, na matobolwa yangu yaliyobakia kiganja kimoja nikayaacha palepale kwenye ndoano.

Saa saba watu wamejaa. Joto lilikuwa la kuivisha mayai, na feni yetu kubwa ya kusimama, inayowaka kutwa kila siku pembeni ya mashine, inageuza shingo huku na huku. Bosi alitaka kuhutubia, na kwa kuwa mashine ina kelele akaamuru izimwe, ikazimwa, vijana wakaacha vioo mezani. Akaongea kuhusu duara, akaongea kuhusu maendeleo, akasema, "Duara lilitema mara moja, lakini mashine hii inatema kila siku, na anayejua siri yake ni huyu mama hapa!" Watu wakapiga makofi. Nikasimama mbele ya ubao na rula ndefu ya kupimia vioo, nikaamkia wakubwa, nikakohoa kidogo kama mkurugenzi.

"Mpaka muda huu," nikasema, "na siku haijaisha, mnaona wenyewe, mia moja na tisini na saba."

"Mia moja na tisini na nane," akasema mwenyekiti wa mtaa.

Nikageuka. Kweli, nane. Nikacheka, nikasema macho yangu haya. Nikaendelea kueleza habari ya mwendo, watu wa mbele wakaanza kuguna, nikageuka tena, mia moja na tisini na tisa.

Injinia Kalunde, mama mnene mpole mwenye miwani iliyoning'inia kifuani, akaivaa.

"Mama Shija, mashine si imezimwa?"

"Imezimwa, mama."

"Sasa inahesabu nini?"

Hapo ningesema sijui, mambo yangeishia padogo. Lakini ulimi wangu ulikwenda mbio kuliko akili, nikajibu, "Inamalizia vile vilivyokuwa ndani." Akainuka. Akaenda mpaka kwenye mashine, akainama, akachungulia ndani kuanzia mwanzo mpaka mwisho, na watu wote wakainuka wakachungulia naye, ndani hakuna kioo hata cha kujitazamia meno. Na ubao, bila huruma, ukapiga mia mbili mbele ya macho yetu wote.

Mchimbaji mmoja akasema kwa sauti, "Luhende, hii mashine yako ina majini," wanawake wawili wakasogea mlangoni. Ni Baba Kulwa aliyekuwa anatazama mahali wengine hawatazami. Feni iligeuza shingo, ikapuliza, mfuko wangu ukapepesuka ukapita mbele ya kijicho, mia mbili na moja. Akanyoosha mkono taratibu akautungua. Feni ikageuka tena, namba ikabaki palepale. Akaurudisha mbele ya kijicho kwa mkono, mia mbili na mbili. Akafungua, akatoa tobolwa moja, akalinusa, akalitafuna.

"Matobolwa," akatangaza.

Kicheko kilichopigwa pale nadhani walikisikia mgodini. Mwenyekiti wa mtaa alikaa chini kabisa. Na katikati ya kicheko mimi nikaelewa kila kitu kwa mpigo: mfuko ukijaa ni mzito, hautikisiki sana, nikila unakuwa mwepesi, feni inaupeperusha inavyotaka, kwa hiyo ule ufanisi uliokuwa unapanda baada ya chai ulikuwa unapanda kwa meno yangu mwenyewe. Siku tatu nilikuwa nafuatilia mwenendo wa chakula changu. Nilitamani sakafu ipasuke, na machozi yakanitoka, sifichi.

Bosi ndiye hakucheka. "Mama Shija, nimewaita watu hawa wote waje kutazama viazi?"

Injinia akamwashiria anyamaze, akaniuliza kwa upole ambao uliniuma kuliko matusi, "Haya, tuache ubao. Kwa kweli mnatoa vingapi?"

Na hapo ndipo aibu yenyewe ilipo, ndugu zangu, hiyo ya mfuko ni ya kuchekesha tu. Mimi niliyeajiriwa kujua, sikujua. "Sijui, mama," nikasema. "Lakini nikienda stoo nitajua."

Tukaenda, mimi na Baba Kulwa, na injinia nyuma, na nusu ya waalikwa na sahani zao za pilau. Tukahesabu vya Alhamisi kwa kidole, kimoja kimoja. Arobaini na moja. Si sitini, arobaini na moja! Vingine tulivikuta kwenye pipa la mabaki, vimemeguka pembeni, maana ile alama moja ya mwendo niliyojisifia ilikuwa inavunja kona za vioo, na wenzangu walikuwa wanavitupa wakidhani namba zinaonyesha mambo safi.

Sikutaka kuomba msamaha wa maneno. Nikamwambia injinia, "Mama, nipe saa moja." Nikarudisha mwendo ulipokuwa, nikazima ubao, nikasimama mwenyewe pale kinapotokea kioo, nikawa nakipokea, nakipapasa kingo zote nne, naandika. Saa moja, vioo vinane, hakuna hata kimoja kilichomeguka. Akavipapasa na yeye.

"Vinane kwa saa nane ni sitini na nne," akasema. "Hamnitoshi. Ghorofa ya chini nawapa. Ya juu naagiza Mwanza."

Nusu ya kazi! Bosi alivuta pumzi ndefu, akanitazama, nikajua nasubiri hukumu. "Kesho uje," akasema. "Mfuko ubaki kwako." Hakuna mtu aliyerudishwa nyumbani.

Tangu siku ile, kila jioni nilisoma ubao, halafu nikaenda stoo, halafu nikaenda kwenye pipa, na namba zisipokubaliana sikulala. Ndivyo nilivyoona kwamba vioo vinaharibika zaidi mchana, kumbe maji ya kuoshea yanakuwa tope la unga wa kioo na kulikwaruza jiwe la kusagia, tukaanza kuyabadilisha mara mbili kwa siku. Sitini na nne ikawa sabini, ikapita.

Wiki ya tatu simu ya bosi ikalia, ni Injinia Kalunde. Vioo vya ghorofa ya juu vilikuwa vimefika kutoka Mwanza, nusu vimepasuka njiani, na wasichana wanafika baada ya siku kumi na mbili. "Luhende, mnaweza kunipa vingapi kwa siku?" Tulikuwa tumesimama wote tunasikiliza. Bosi akautazama ubao, akanipa mimi simu.

"Shikamoo mama," nikasema. "Naomba usikate, nikahesabu."

Nikaiweka simu mezani ikiwa hewani, nikaenda stoo kwa miguu yangu, Baba Kulwa akafungua bila kuulizwa, tukahesabu vya jana, yeye huku, mimi huku, tukakutana katikati. Nikarudi nahema.

"Sabini na sita, mama. Si themanini."

Nikamsikia anacheka kidogo kule Masumbwe. "Sabini na sita za kweli zinanitosha," akasema. "Anzeni leo."

Tulianza palepale. Nami niliapa mbele ya wenzangu wote, na naapa tena mbele yenu: namba yoyote itakayonisifu, kabla sijaitangaza kwa mtu, nitaifuata kwanza mpaka inapolala.