Kitu cha Nyuma ya Jikoni

Phelista Nekesa hajawahi kupita kando ya sufuria iliyofunikwa bila kuifunua. Nauza vifungo na nyuzi mlango wa pili kutoka kwa cherehani yake hapa Kitale, namjua. Mteja akileta sare ya mtoto ipunguzwe, Phelista atataka kwanza kuelezwa mtoto amekonda kwa nini. Hana ubaya, ni macho tu ambayo hayatulii.

Kwa hiyo, siku moja kabla ya kwenda kwa wakili kukamilisha ununuzi wa nyumba, aliponiambia, "Ivy, funga hiyo duka yako twende tuikague mara ya mwisho," nilijua hatutarudi kabla ya jioni. Wakili alikuwa ameshapekua kwenye ofisi ya ardhi: nyumba haina mkopo, haina kesi. Kilichobaki ni kutia sahihi, kupokea hatimiliki na funguo. Mama yake alikuwa ametoka Kibabii kuja kuiona, maana chumba cha mbele, kile chenye jua la asubuhi, kilikuwa chake. Magoti ya yule mzee hayakuwa ya kuachwa peke yake kijijini tena. Bila Mama, Phelista hakuwa na haja ya nyumba.

Mwenye nyumba, Mohini, mjane wa Kihindi aliyezaliwa mjini humu humu, alitupokea kwa chai ya tangawizi. Alikuwa anahamia Nairobi, kwa binti yake Bhavika, na sebule ilikuwa imejaa makatoni.

Phelista alikagua kweli. Alifungua mifereji yote, akavuta maji ya choo mpaka tangi likalalamika, akapanda stuli kuona kama balbu zinazoachwa zinawaka. Alijaribu kila ufunguo, kisha akauliza yule panya aliyetafuna kona ya kabati alishikwa au bado ni mpangaji. Mohini alicheka. Mimi nilimwonea huruma.

Mama ndiye aliyetokea mlango wa jikoni, akarudi uso umebadilika.

"Phelista, kuja hapa. Hii ni nini?"

Siku zote tulizokuja, ua wa nyuma ulikuwa umejaa nguo zilizoanikwa. Leo kamba ilikuwa tupu. Katikati palisimama kitu cha saruji, mraba, kimo cha kiuno, kimepakwa rangi vizuri. Juu yake palikuwa na mmea wa majani madogo, maua ya manjano yaliyonyauka, na taa ndogo ya udongo yenye masizi.

"Hiyo ni kaburi," Mama alisema.

"Lakini Mama, Wahindi si huchoma?"

"Na majivu si ndio yeye? Huyu mama amefiwa juzi juzi. Amemweka hapa. Siwezi lala kwa boma ya mtu na mwenyewe ako hapo nyuma. Watoto wake wakikuja kumlilia, utawafukuza? Mimi narudi Kibabii."

Hakuwa anatania. Kwetu, kabla hujauliza bei ya shamba unauliza nani amelala hapo. Ofisi ya ardhi haiandiki mambo hayo.

"Si umuulize mwenyewe," nilimwambia Phelista. Hapo nikaona ajabu: mwanamke anayeuliza makondakta mshahara wao alikosa mdomo.

"Nimuulize mjane ameweka bwana yake wapi? Na vile anatoka kwa nyumba yake? Ivy, hapana bana."

Badala yake alivuta futi ya kushonea kutoka shingoni, akaanza kupima. Jambo likimshinda, Phelista hulipima. Alipima upana, akapima kimo, na alikuwa amepiga magoti akigonga saruji kwa kidole kusikia kama ndani ni wazi, Mohini alipotokea na jagi la maji.

"Unaishonea nguo?" Mohini aliuliza.

Nilitamani ardhi ipasuke. Mama hakutamani chochote, alikuwa na swali lake.

"Mama Bhavika, usikasirike. Bwana yako ako hapa ndani?"

Mohini aliangalia ile saruji, akatuangalia sisi. Hakukasirika. Alichuma jani, akalisugua, akampa Mama anuse. Lilinukia kama mrehani, ila kali zaidi.

"Hii inaitwa tulsi. Mama mkwe wangu ndiye alipanda. Hapo ndani ni mchanga tu. Kila jioni tunawasha taa, tunaombea nyumba."

"Na mzee?" Mdomo wa Phelista ulikuwa umerudi. "Yeye alienda wapi?"

"Tulimwaga majivu mtoni. Maji ilienda naye."

"Kwa hivyo hakuna mahali unaenda kumwona?"

Mohini aliumwagia mmea maji ya jagi. "Akiwa mgonjwa alikuwa anakaa hapo kwa ngazi ya jikoni, mimi nikiwasha. Hata sasa nikiwasha, naona ni kama bado ako hapo." Alijifuta macho kwa ncha ya mtandio, hakujificha. "Kesho asubuhi nataka kuing'oa. Kwa Bhavika hakuna jua, ni gorofa. Na mtu mwingine atafugia kuku hapa."

Nilisikia uchungu, sitasema uongo. Phelista alikunja futi yake polepole. Hapakuwa na kaburi, Mama angelala, nyumba ingenunuliwa. Nikadhani tumemaliza, tuage twende.

Lakini Mama alikuwa bado na lile jani puani. Alijishusha taratibu kwenye ngazi ya jikoni kwa ajili ya yale magoti, halafu akasogea upande, akaacha nafasi ya kumtosha mtu mmoja.

"Usiing'oe," alimwambia Mohini. "Mtu wako lazima akuwe na mahali. Ukikuja Kitale, wewe unapiga tu hodi."

Kisha akainua uso, na hapo nikajua Phelista alirithi kwa nani.

"Hiyo taa," aliuliza, "inawashwa saa ngapi?"