Jiko Lilikuwa Wapi

Hati yangu ya kusafiria ya mkimbizi inaniruhusu kwenda nchi zote isipokuwa Kongo. Ndiyo maana mwaka jana, chuo kiliponipeleka kwenye kongamano Sri Lanka, nilizunguka magofu ya hekalu la Buda lililojengwa na mfalme wa kale, ilhali nyumba tuliyoikimbia Uvira nikiwa na miaka minne siwezi hata kuichungulia.

Pale mtu huvua viatu na kofia. Nilivua, ingawa siamini kwamba mawe yana habari na miguu yangu, na jua la saa sita likaniunguza nyayo. Kilichobaki ni msingi, nguzo chache na ngazi zisizopanda popote. Mzee aliyetuongoza alisimama kwenye nyasi tupu, akasema hapo ndipo mfalme alipokuwa akisujudu.

"Umejuaje?" nikamuuliza.

"Baba alinionyesha. Wewe hukuonyeshwa kitu kwenu?"

Kutoka kwetu nakumbuka kitu kimoja tu: nimeketi mlangoni, mbele yangu ziwa linametameta. Hata hicho nilishuku kwamba nimejitungia.

Niliporudi Malvern, mtaa wetu wa ukimbizini, nilimkuta mama kwenye chumba chake cha ushonaji. Alizipitia picha nilizopiga kule polepole, kama anayekagua mshono. Ni mlokole, nami nilisubiri anikemee kwa kuingia hekalu la sanamu.

"Jiko lilikuwa wapi, papa?" Ndivyo mama zetu wanavyowaita watoto wao wa kiume.

"Ni hekalu, mama."

"Na waliokaa humo walikula nini? Umesoma bure."

"Eish. Na letu sisi, lilikuwa wapi?"

Hakuwahi kuizungumzia ile nyumba, nami sikumwambia ninachokumbuka. Nilitaka nione kama atakitaja mwenyewe. Alichukua chaki ya kuwekea alama nguo, akapiga magoti, akachora sakafuni. Sebule. Chumba. Mlango ukielekea barabarani.

Barabarani. Basi, nikajisemea, nilijitungia.

Akaendelea kuchora. Nyuma kabisa akaweka jiko, akaacha pengo kwenye mstari.

"Huu mlango wa jikoni ulitazama ziwa. Wewe ulikuwa unakaa hapa hapa, unanizibia njia na sufuria iko mkononi."

Nilivua viatu.

"Unafanya nini tena?"

Niliketi kwenye pengo, nikatazama upande ule wa ziwa. Kulikuwa na ukuta, na vitenge vilivyotundikwa vikisubiri wenyewe. Mama alibaki amepiga magoti, chaki mkononi, naye akitazama huko huko.