Gari la Hewala Limevutwa Tena

Mtaani walishalisahau jina lake, wakamwita Hewala, kwa kuwa hilo ndilo neno lililomtoka kabla hata mwombaji hajamaliza kuomba. Wahenga walisema hewala haigombi, na kweli haikumgombanisha na mtu. Ilimkosesha tu ngazi, pasi, baiskeli na mwavuli wa mkewe. Kwa kazi alikuwa fundi wa viti vya magari. Ukimpelekea siti iliyochanika, sponji imetoka kama utumbo, atakurudishia kitu ambacho utaona haya kukikalia na suruali ya kazini.

Kisha akafanya kosa ambalo mtu asiyejua kukataa hapaswi kulifanya: akanunua gari.

Lilikuwa kuukuu, rangi ya maji ya mchele, na mlango wake mmoja haukufunguka bila kubembelezwa. Lakini viti! Alivishona mwenyewe, kila jioni baada ya kufunga karakana: ngozi ya kahawia, mshono maradufu, pembe zimekunjwa kama bahasha. Mkewe alianza kuuliza kama humo ndani kuna mke mwenza.

Ukoo ulilipokea gari kama unavyompokea mtoto mchanga: kila mtu alidai limefanana naye. Mjomba akalipakia kuku. Binamu akalipakia mabati, likarudi na mkwaruzo uliotoka kiti cha mbele hadi cha nyuma bila kupumzika. Shemeji, kaka wa mkewe, alilichukua "nafika hapo kona tu," na kona hiyo ikala wiki nzima. Kila liliporudi, Hewala alichukua sindano, akashona kiraka, akameza mate. Siri ya mtungi aijuaye kata.

Siku moja Shemeji akaliegesha mbele ya lango la zimamoto akaenda kunywa soda. Aliporudi alikuta doa la oili na askari mmoja akiandika.

"Kwani moto unawaka Jumapili?" alijitetea nyumbani. Ukoo ukakaa msiba. Hewala akatumwa yadi ya polisi kama mtu anayekwenda kumtambua marehemu.

Akalikuta limetulia nyuma ya uzio wa waya, lina umande, halina kuku. Madirisha yamefungwa. Hakuna aliyekalia viti.

"Afande," alimwuliza sajini wa yadi, mtu mnene mwenye miwani iliyofungwa kwa uzi, "hapa mtu anaweza kuja kuliazima?"

"Kuliazima? Likishaingia hapa halitoki mpaka aje mwenyewe na karatasi zake, alipe faini."

"Hata ndugu?"

"Ndugu ndio hatutaki kabisa kuwaona."

Moyo wa Hewala ukatulia kwa namna ambayo haukutulia tangu alipooa. Akaegemea meza. "Na mnavuta gari kwa makosa gani hasa?"

Sajini hakuwahi kuulizwa swali hilo na mtu asiyetukana. Akavua miwani kwa heshima. "Likiziba barabara au lango. Likitelekezwa. Dereva akikamatwa na hakuna mwenzake mwenye leseni wa kulichukua. Likiwa kwenye ajali au uhalifu. Au likiwa bovu la kuua watu. Usidhani tunavuta kwa chuki! Mwenyewe akiwepo, akakubali kuliondoa, tunamwacha aliondoe."

"Na asipokuwepo?"

"Tunavuta."

"Hewala," alisema Hewala.

Hivyo ndivyo mtu mpole kuliko wote mtaani alivyogeuka mhalifu sugu. Kila ombi kubwa lilipopiga hodi, gari lilikutwa kwenye lango la zimamoto. Harusi ya binamu: limevutwa. Kuhama kwa mjomba: limevutwa tena. Watu wakamhurumia, wakasema ana nuksi na serikali. Mama mkwe akamwombea. Yeye alilipa faini bila kununa, na siku za mapumziko alikwenda yadi na brashi kuvisalimia viti vyake. Sajini akamzoea hata akawa anamwuliza hali ya watoto.

Ndipo Shemeji akaja kula chakula cha jioni na wazo.

"Shemeji, nimeingia biashara ya samaki," alisema, akijipakulia. "Kesho asubuhi nalichukua gari. La kudumu sasa, siyo lile la kona."

Kijiko cha Hewala kikagota mezani. "Samaki utawaweka wapi?"

"Siti ya nyuma. Usihofu, nitatandika gazeti."

Gazeti! Mkewe akamtazama mumewe. Hewala akatazama sahani, akaona mshono maradufu ukinywa maji ya samaki, akafungua mdomo aseme neno. Neno likatoka.

"Hewala."

Asubuhi, kabla Shemeji hajaamka, gari lilikwisha kuegeshwa langoni. Hewala akafunga mlango, akajibanza nyuma ya kibanda cha magazeti, ufunguo mfukoni. Hakuangalia siti ya nyuma. Angeangalia, angemwona Shangazi.

Huyu alikuwa dada wa marehemu baba yake, amekuja mjini kutibiwa macho. Mara ya mwisho alipoahidiwa kupelekwa kliniki gari lilikuwa limevutwa, kwa hiyo safari hii aliamua kuliwahi. Aliingia alfajiri, gari likiwa bado nyumbani, akajifunika shuka, na kwa jinsi siti ile ilivyoshonwa, usingizi ukambeba kama mtoto.

Gari la winchi likafika. Askari akafunga mnyororo, pua ya gari ikaanza kupanda. Kwenye kioo cha nyuma kikachomoza kilemba.

"Nani ananiinua?"

"Shusha! Shusha! Kuna mtu!" Askari alitokwa na jasho. "Mama, tafadhali shuka, tunavuta gari."

"Nishuke niende wapi? Nina kliniki."

"Hatuwezi kulivuta na mtu ndani."

"Basi msilivute. Hilo nalo mpaka mfundishwe?"

Watu wa zimamoto wakatoka na helmeti zao kutazama. "Dereva wako yuko wapi?" akauliza askari.

"Ngoja nimpigie."

Simu ikalia nyuma ya kibanda cha magazeti. Ikalia sana, kwa wimbo wa furaha. Hewala akatoka akiwa ameinamisha kichwa.

"Wewe tena!" askari akasema. "Haya, umefika, tunakuachia. Liondoe."

Kuliondoa kulikuwa na maana moja: nyumbani, gazeti, samaki. Neno lake la kila siku likamjia, likafika kwenye meno. Akaliuma.

"Sitaki."

"Hutaki nini?"

"Sitaki kuliondoa. Livuteni, afande, nawaomba. Shangazi, teremka walivute."

Akaeleza yote palepale, kuku, mabati na samaki, watu wa zimamoto wakitikisa helmeti kwa huruma.

"Sasa kwa nini usimwambie hapana?" Shangazi akauliza.

"Naona haya. Ni shemeji."

"Na polisi huwaonei haya?"

"Polisi si ndugu, Shangazi."

Bibi yule akamtazama kwa jicho lake moja zima. Kisha akatoa mkono dirishani. "Lete ufunguo. Halafu uendeshe, nimechelewa."

Macho yalipona, lakini Shangazi hakurudi kijijini kwake. Ufunguo ulikaa kwenye pindo la kanga, umefungwa fundo ambalo Shemeji alilitazama tu.

"Shangazi, ni samaki wachache..."

"Walikuwa wanafika walikotaka kabla hujazaliwa. Wape mkokoteni."

Mjomba alijibiwa kabla hajakaa. Binamu alijibiwa akiwa bado mlangoni. Polisi huhitaji sababu ndipo washike gari. Shangazi hakuhitaji hata moja. Yadini, sajini alimwulizia mteja wake kwa wiki kadhaa, akadhani amefariki.

Jumapili moja Hewala mwenyewe alikwenda kuliomba gari, akachukue ngozi kwa muuzaji.

"Umelitumia juzi," alisema Shangazi.

"Hewala. Basi naweza kukaa ndani kidogo? Nitazame mishono tu."

Shangazi akafikiri. Akafungua fundo polepole, kama afande anayetafuta karatasi.

"Vua viatu," alisema.

Akavivua.