Uso wa Bibi Harusi Katikati ya Mabuibui

Siku ile ya kupamba, bibi harusi akionyeshwa kwa wanawake hapa Kisauni, hainitoki, mwanangu. Shule sikuijua sana, lakini kamera niliijua ujanani, kwa sababu kupamba ni kwa wanawake peke yao na mpiga picha lazima awe mwanamke. Alinifundisha shangazi yangu Mwanasha. Mkali, wallahi! Ila biriani yake... haya, tuyaache.

Mama wa bibi harusi alikuwa mgonjwa kitandani kwake Mjambere, hawezi kuja. Alituagiza jambo moja: "Nileteeni uso wa mwanangu."

Bibi harusi akapandishwa jukwaani na nguo yake nyeupe. Mimi nimesimama nyuma kabisa, mbele yangu ukumbi mzima mabuibui meusi. Kamera ilikuwa na kidude cha kuchagua namna ya kupima mwanga: picha nzima, katikati, au kinukta kimoja tu. Nikakiacha kwenye picha nzima. Nikapiga, lakini moyo hautulii. Filamu, mwanangu, haikuonyeshi kitu mpaka isafishwe.

Shangazi akanishika kiwiko. "Unampima nani, bibi harusi au mabuibui? Kamera ikiona weusi wote huo inadhani ni giza. Itaongeza mwanga, uso uungue uwe kama sahani!"

"Nipime kwa kinukta?"

"Shavuni. Si kwenye nguo nyeupe, uso utatoka mweusi kama masizi. Na usogee mbele, kinukta kienee shavuni!"

Nisogee! Mbele ya wanawake waliokaa tangu magharibi wakimngoja? Nikaenda hivyo hivyo.

"We mwana! Mgongo wako ni kioo?" mmoja akapaza sauti. Ukumbi ukacheka. Na jukwaani wameshaanza kumwinua bibi harusi ateremke. Nikaweka kinukta shavuni, nikapiga mara moja.

Picha ziliposafishwa, zile nilizopigia kule nyuma uso umefutika wote. Tukampelekea mama yake ile moja. Aliitazama, nami nahangaika, nakaa, nasimama.

"Kumbe mwanangu amelia," akasema. "Lakini macho yamepoa. Alhamdulillahi."

Basi mwanangu, nawe ukishika kamera, usiiachie mashine ikuchagulie. Mwanga ukiwa umelingana kote, pima picha nzima, hakuna ubaya. Lakini akiwapo mtu mmoja ambaye kuna anayengoja kumwona, kapime usoni pake, hata wakikuzomea. Aibu ile huisha kabla hujafika nyumbani. Mola akujaalie kila unayempiga picha atambuliwe na aliyemzaa.